Mwigizaji na Uwanja Usio na Bawabu

Mfinyanzi aweza kufinyanga chungu akakiweka uvunguni mwaka mzima, na chungu kisiache kuwa chungu. Mshairi aweza kuandika tungo zake akazifungia kashani, wajukuu wakazikuta wakazisoma. Mwigizaji hana bahati hiyo. Uigizaji usioonwa na mtu hauwezi kuitwa uigizaji uliofichwa. Hasa hasa haukuwapo. Kwa ajili hii mwigizaji, kuliko mafundi wengine wa sanaa, amekuwa siku zote mtumwa wa mlango. Hana budi kuingia mahali walipokusanyika watu, na kila walipokusanyika watu pana bawabu asimamaye na kuuliza nani amemtuma mgeni huyu.

Majina ya bawabu yamebadilika mara nyingi. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1990, alipokuwa akitajwa mtu wa maigizo ilikuwa sharti kutaja na kundi lake, kwa kuwa vikundi kama Muungano na TOT vilishindana majukwaani kwa ngoma, taarabu, sarakasi na michezo ya kuchekesha katika usiku mmoja na kwa kiingilio kimoja. Mwenye kipaji asiye na kundi alikuwa kama nahodha asiye na chombo. Mwaka 1994 zikaja televisheni za watu binafsi Tanzania Bara, na bawabu akahamia studio. Baadaye zikaja filamu za kuuzwa katika diski, na bawabu akawa msambazaji. Aghalabu mwenye filamu aliiuza kwa mkupuo, haki zake zote zikaenda na bei hiyo moja. Ikawa sura ya mwigizaji yajulikana hata vijijini, na mfuko wake haujui kwamba ni maarufu. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, jiji lilisimama kumzika. Umati ule ulikuwa ushahidi wa jinsi uigizaji ulivyoingia katika nyoyo za watu. Haukuwa ushahidi kwamba waigizaji walikuwa wakila vizuri.

Leo ukuta wa nyumba ile umetobolewa ubavuni. Mtu mwenye simu ya mkononi aweza kujipiga picha akitembea na kusema, akaiweka picha hiyo YouTube, Instagram au TikTok, na kabla ya chai yake kupoa akawa ametazamwa na watu wa Tanga, Bujumbura na Muscat asiowajua wala wasiomjua. Habari hii yasimuliwa kila siku kwa furaha, na furaha hiyo ina haki yake. Walakini yasemwa kana kwamba tundu lile ni sawa na mlango, na kana kwamba kila apitaye hapo hufika ndani. Mambo hayakuwa hivyo kwa wale waliopita wakafika, na yafaa kuwatazama mmoja mmoja, kwa kuwa safari zao ni ndefu kuliko sifa zao.

Wa kwanza ni watu wa Wakaliga, kitongoji cha wanyonge katika Kampala. Huko aliishi, na angali akiishi, Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali kupata riziki, akaanzisha mwaka 2005 kampuni ya filamu aliyoiita Ramon, jina aliloliunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Tarakilishi zake aliziunda kwa vipande vya tarakilishi kuukuu. Bunduki zilikuwa vyuma vilivyochomelewa, na waigizaji walikuwa majirani waliokuja bila mshahara. Filamu yao ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, husemwa kuwa iligharimu chini ya dola 200. Soko lake lilikuwa miguu ya waigizaji wenyewe: walichukua diski wakapita nyumba kwa nyumba, na kila aliyeuza alipata fungu lake. Iliwabidi wauze upesi, maana baada ya siku chache tu wenye kunakili kwa wizi wangekuwa wamekwisha kuijaza mitaa.

Januari 2010 Nabwana aliweka YouTube kipande kifupi cha kuinadi filamu hiyo. Hakukusudia dunia, alikuwa hajui kwamba dunia itatazama. Kipande kile kilisambaa. Mwishoni mwa mwaka 2011 mtu mmoja wa New York, Alan Hofmanis, aliyekuwa akifanya kazi za maonyesho ya filamu, alionyeshwa na rafiki yake. Hazikupita wiki nyingi akapanda ndege kwenda Kampala kuwatafuta waliofanya jambo lile, na mwishowe akakaa nao na kuigiza pamoja nao. Mwaka 2015 waliomba katika mtandao wa michango dola 160 za kufanyia filamu nyingine. Wakapewa zaidi ya 13,000.

Kilichowavuta wageni si ustadi wa moshi na moto, ambao kusema kweli ni wa kuchekesha. Kilichowavuta ni sauti ya mzungumzaji anayesikika juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho, akieleza, akitania, akishangilia, akimwonya shujaa asigeuke nyuma. Mtu wa Afrika Mashariki aijua sauti hiyo bila kufundishwa. Ndiyo iliyokuwa ikisikika katika vibanda vya video, Lufufu akifasiri Dar es Salaam na DJ Afro Nairobi, wakati filamu ya Hong Kong au ya Bombay ilipogeuzwa kuwa hadithi ya nyumbani. Watu wa Wakaliga hawakuiondoa sauti ile ili wafanane na filamu za watu wengine. Waliiacha mahali pake, na kwa kuiacha wakawa na kitu ambacho hakipatikani kwingine. Hapa pana somo kubwa kwa mwigizaji ashikaye simu akitafuta namna ya kufanana na kijana wa Los Angeles: huko Los Angeles vijana wa namna hiyo wako tele tayari.

Na huko Los Angeles yuko mtu wa pili. Issa Rae ni binti wa baba Msenegali na mama Mmarekani, aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford. Aliona kwamba katika televisheni za nchi yake mwanamke mweusi alipewa nafasi ya kuwa mkali, au mwenye kuteseka, au rafiki wa mtu mwingine. Hakupewa nafasi ya kuwa mtu mwenye haya, asiyejua aweke wapi mikono yake akikutana njiani na mtu asiyemkumbuka jina. Mwaka 2011 akaandika na kuigiza mfululizo wa michezo mifupi juu ya mwanamke wa namna hiyo, The Misadventures of Awkward Black Girl, akauweka YouTube. Fedha zilipokwisha katikati, aliwaomba watazamaji wamalizie. Aliomba dola 30,000. Wakatoa zaidi ya 56,000.

Hapo wasimulizi wengi hukatisha hadithi na kuruka moja kwa moja hadi Insecure, tamthilia yake iliyoonyeshwa na HBO kuanzia Oktoba 2016 mpaka Desemba 2021. Wakiruka hivyo huruka miaka mitano. Katika miaka hiyo aliandika, akaandikiwa majibu ya kukataliwa na kukubaliwa nusu, akaongeza msimu wa pili wa mfululizo wake, akaanza mwaka 2013 kuiunda Insecure ambayo ilichukua miaka mitatu kufikia macho ya watu. Mtandao haukumpa kazi. Ulimpa kitu cha kuweka mezani alipokwenda kuomba kazi: watu laki kadhaa waliokwisha kucheka. Wakubwa wa televisheni ni watu waoga, na mwoga hapendi kuambiwa kwamba jambo litafaulu. Hupenda kuonyeshwa kwamba limekwisha faulu.

Vilevile alivyofanya Quinta Brunson. Mwaka 2014 aliweka Instagram visa vifupi vya msichana ambaye hajawahi kupelekwa matembezi ya heshima, akistaajabia kila kitu cha bei. Akajulikana kwa visa hivyo, akaingia katika kampuni ya video, akajifunza uandishi kwa kuandika mengi na upesi. Desemba 2021 ikatoka Abbott Elementary, tamthilia yake juu ya walimu wa shule ya Philadelphia, mji aliozaliwa na ambao mama yake alifundisha; na mwaka 2022 akapata tuzo ya Emmy kwa uandishi wake.

Basi katika watu hawa lipo jambo moja ambalo halionekani upesi. Hawakuutumia mtandao kama dirisha la duka. Waliutumia kama jukwaa. Tofauti hii ni kubwa. Mwigizaji atumiaye mtandao kama dirisha huweka picha yake amevaa vizuri, picha yake uwanja wa ndege, picha yake na mtu maarufu, akangoja mnunuzi apite. Mnunuzi akipita huona mtu mzuri, na watu wazuri hawana idadi. Mwigizaji atumiaye mtandao kama jukwaa huweka uigizaji: mzee wa baraza anayekataa kukubali kwamba amedhulumu, mjakazi anayejifunza kusema uongo, karani anayecheka mbele ya mkubwa na kulia chooni. Mwongozaji akiyaona hayo, huwa ameona kazi. Dakika mbili za namna hiyo zafaa kuliko picha mia za viatu.

Elsa Majimbo wa Nairobi hakuwa hata na vazi la kuigizia. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga kumbi na shule, naye akiwa mwanafunzi wa chuo asiyetimiza miaka ishirini, alijiketisha mbele ya simu akitafuna viazi vya kukaanga vya pakiti, miwani myeusi midogo usoni, akilalamika na kujichekea. Mhusika wake alikuwa msichana asiyetaka kuonana na mtu na ambaye hana haya kulisema hilo. Dunia ilikuwa imefungiwa ndani ikijifanya kwamba yahuzunika kukosa wageni. Alipotokea mtu wa kusema kinyume, ilimpenda mara moja. Mwaka ule ule akapata tuzo ya watazamaji huko Marekani kwa nyota wa mitandao wa Afrika, na kampuni ya Rihanna, Fenty, ikafanya naye kazi. Ni mwendo wa kasi usio wa kawaida. Ila kasi hiyo huleta deni. Mwigizaji aliyejulikana miaka kumi jukwaani amejulikana kwa nyuso kumi. Aliyejulikana kwa wiki kumi amejulikana kwa uso mmoja, na watu humdai uso ule ule kila asubuhi. Akitaka kuwa mama wa makamo au mwuaji, huulizwa yako wapi miwani.

Anne Kansiime wa Uganda alipita njia nyingine. Yeye alikuwa mtu wa jukwaa kwanza, katika vikundi vya maigizo vya Kampala baada ya masomo ya Makerere, kisha akaonekana katika televisheni, ndipo vipande vyake vikaingia YouTube na kumtoa nje ya mipaka. Mtandao ulimkuta ana akiba. Aliyetazama vipande vile aliona pumzi iliyofunzwa: jinsi anavyongoja kabla ya kujibu, jinsi jicho linavyotangulia neno. Mambo hayo hayafunzwi na simu. Hufunzwa na watu walioketi kwenye viti wakikataa kucheka.

Yafaa kusema kidogo juu ya riziki, maana husemwa kwa minong'ono. YouTube hugawia sehemu ya fedha za matangazo kwa wale waliotimiza masharti. Kwa video ndefu, tangu mwaka 2018, sharti kamili lilikuwa wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Lakini bei ya tangazo mbele ya mtazamaji wa Morogoro si bei ya tangazo mbele ya mtazamaji wa London, na mwigizaji wa Kiswahili aweza kutazamwa sana akalipwa kidogo. Watazamaji wake wenyewe hununua bando kwa shilingi chache na hulipima kwa hofu. Mchezo wa dakika arobaini kwao ni gharama. Ndiyo maana wengi wa waigizaji hawa huishi kwa kutangaza sabuni, simu na vinywaji. Si aibu. Ila yule anayeingia katika biashara hiyo bila maandishi, akalipwa kwa maneno na fulana, ameurudisha ule mkupuo wa enzi ya diski kwa jina jipya.

Tena uwanja huu usio na bawabu una mwenye shamba. Vine, mtandao wa video za sekunde sita uliofunguliwa mwaka 2013, ulifungwa mwaka 2017. Waliokuwa wamejenga jina lao humo waliamka wakakuta kiwanja kimechukuliwa na wenyewe. TikTok ilipigwa marufuku India Juni 2020, na katika usiku mmoja maelfu ya wachekeshaji wakapoteza ukumbi. Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kila aliyeingia katika mitandao ya kijamii tangu Julai 2018 mpaka kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2021, na Januari mwaka huo huo ikaifunga Facebook wakati wa uchaguzi. Tanzania nayo, kwa kanuni za mwaka 2018, iliwataka wenye televisheni za mtandaoni kukata leseni ambayo ada zake pamoja zilipita shilingi milioni mbili. Kijana aliyekuwa akipiga michezo ya kuchekesha uani kwa shangazi yake akajikuta katika daftari moja na wenye vituo. Hayo yote yalifanyika bila kumwuliza mwigizaji, kama vile hakuna aliyemwuliza ulipovunjwa ukumbi wa zamani.

Wapo waonao kwamba hesabu ya wafuasi ndiyo imekuwa bawabu mpya, na hawakukosea sana. Sophie Turner, aliyekuwa Sansa katika Game of Thrones, alieleza mwaka 2017 kwamba aliwahi kupewa nafasi iliyogombewa naye na mwigizaji aliye bora kuliko yeye, kwa sababu yeye alikuwa na wafuasi zaidi. Ni ungamo la ujasiri. Laiti mwigizaji yule mwingine angalisikika pia. Amefunza sauti yake, amesoma tamthilia, amecheza Shakespeare katika kumbi zenye viti tupu, kisha akashindwa kwa tarakimu. Anayemwambia aende akaongeze wafuasi amwambia jambo la kweli na la kikatili kwa pamoja.

Kutokana na tarakimu hizo limezaliwa neno la mitaa ya Dar es Salaam, kiki: kisa cha kubuni, ugomvi wa kupangwa, uchumba wa wiki mbili, vyote vikitupwa mtandaoni filamu inapokaribia kutoka. Wapo wanaoutetea kwa kusema kwamba hata huo ni uigizaji. La. Mwigizaji wa jukwaani na mtazamaji wake wamepatana: huyu atasema asiyoyaamini, na yule atayaamini kwa saa mbili kisha aende zake nyumbani. Kiki haina mapatano hayo. Mtazamaji hudanganywa asipoomba kudanganywa, na mwigizaji hutumia kwa mara moja kitu ambacho sanaa yake ilihitaji kwa miaka mingi, nacho ni kutojulikana kwake. Uso ambao watu wameujua ukilia kwa talaka ya kweli, au inayosemwa ya kweli, ukija kulia katika filamu hauaminiki. Watazamaji hutafuta mume yuko wapi. Na kwa wanawake gharama ni nzito zaidi, maana matusi wanayomwagiwa chini ya picha zao hayana filimbi ya mwisho wala pazia la kushuka.

Jambo moja lilitokea Marekani mwaka 2023 ambalo halikuzungumzwa vya kutosha huku. Chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kiligoma tangu tarehe 14 Julai hadi tarehe 9 Novemba, siku 118, kwa ajili ya malipo ya filamu za mtandaoni na kwa hofu ya sura zao kuigizwa na mashine. Wagomaji walikatazwa kusimama mbele ya kamera. Walikatazwa pia kuinadi katika kurasa zao wenyewe filamu yoyote ya kampuni zilizogomewa, hata iliyokwisha kukamilika. Katazo hilo lilifunua kilichokuwa kimefichika. Kumbe maneno machache ya mwigizaji kwa wafuasi wake, aliyokuwa akiyaandika bure usiku akiwa kitandani, yalikuwa kazi, na kazi yenye thamani kiasi kwamba kuinyima kuliwauma matajiri. Chama hicho kilikuwa kimekwisha kuweka mwaka 2021 mkataba maalumu kwa waigizaji wanaotangaza biashara katika mitandao. Waigizaji wa Afrika Mashariki wana vyama, lakini swali la nani amlipe mwigizaji kwa kuinadi filamu katika ukurasa wake mwenyewe halijapata kuketiwa barazani. Wazalishaji wengi huliandika katika makubaliano kama jambo la hisani, na mwigizaji hutia sahihi.

Lipo na jambo dogo la kuhifadhi kazi, ambalo huchukuliwa kuwa la mafundi. Kilichowekwa katika mtandao hakiko mkononi. Ukurasa huibwa, hufungwa kwa malalamiko ya uongo, au nenosiri hupotea pamoja na simu katika daladala. Na mwigizaji aliyefanya michezo mia mbili hukuta hana hata mmoja wa kumwonyesha mwongozaji. Diski ya kuhifadhia ni ghali kwa mtu anayelipa kodi ya chumba kwa miezi sita, nalo si kosa lake. Hata watu wa Wakaliga hawakuokoka. Nabwana hakuwa na nafasi ya kutosha katika tarakilishi yake, na filamu nyingine ilikuwa yangoja, basi akaifuta nakala ya asili ya Who Killed Captain Alex? ili ipatikane nafasi. Filamu ambayo imetazamwa mara milioni nyingi duniani haiko tena kama alivyoikamilisha. Kilichobaki ni ile ya diski zilizouzwa nyumba kwa nyumba, yenye sauti ya mzungumzaji juu yake, na aliyecheza nafasi ya Kapteni Alex hawezi kusikika popote asipokatizwa maneno.